Pedali ya Tatu

Wanaume wa Kalemie wana makanisa mengi, lakini likija suala la gari wote wanasali kanisa moja: gari lisilo na klachi si gari. Watakuambia hivyo kabla hujamaliza kuwasalimia. Automatiki ni ya wanawake, ni ya wageni wa mashirika, ni ya wavivu, haipandi mlima, na betri ikilala haisukumiki. Hiyo ya mwisho ndiyo hoja yao kubwa, kwa sababu hapa kwetu magari mengi huamshwa kwa kusukumwa kila asubuhi. Hawajiulizi kwa nini wasitafute betri nzima.

Mimi nina mguu mmoja wa kazi. Wa kushoto ulilala nikiwa msichana mdogo, polio iliponipitia, na haukuamka tena. Upo, unavaa kiatu kama mwenzake, lakini ukiuambia kanyaga, haukanyagi. Mama alinibeba mgongoni kwenda shule mpaka nikawa mzito kumshinda, ndipo nikapewa fimbo. Siyasemi haya ili nionewe huruma. Huruma ya watu wetu naijua, huwa haiji bila ushauri. Nayasema ili ieleweke kwa nini pikapu kuukuu niliyoinunua kwa jasho la biashara ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikaivusha kwa boti kutoka Kigoma, niliitaka automatiki na si vinginevyo. Ina pedali mbili tu, na zote ni za mguu wa kulia.

Siku niliyoiendesha mara ya kwanza kutoka bandarini hadi sokoni nililia, tena hadharani. Ukiwa ndani ya gari hakuna anayeona unavyotembea. Watu waliniona kichwa na mabega, wakanipisha njia kama wanavyompisha mtu yeyote, na wengine walinitukana kama wanavyomtukana dereva yeyote. Sijawahi kufurahia matusi kiasi kile.

Kosa langu lilikuwa moja, na bora niliseme mwenyewe kabla hajalisema mwingine. Nilipoenda kuandikisha gari, karani alinitazama, akaitazama fimbo, akauliza, "Na mwenye gari iko wapi?" Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimechoka kukaa kwenye benchi tangu asubuhi, basi nikamwita kaka yangu mkubwa, ambaye sisi tunamwita Yaya, karatasi zikaandikwa jina lake, tukaenda nyumbani kula. Tangu siku ile Yaya alianza kuiita pikapu "gari ya famille", yaani ya familia. Nilidhani ni maneno tu.

Kisha akaiazima kwenda msibani Nyunzu. Sikuweza kumnyima, maana msiba ni msiba, na marehemu alikuwa wa kwetu sote. Lakini Yaya ana ugonjwa wa madereva wote wa barabara ile: anapenda kuteremka libre. Akifika juu ya mlima anatoa gia, anazima injini kabisa, anaiacha gari iserereke yenyewe hadi bondeni, kisha anatazama pembeni kuona kama abiria wameona ujanja wake. Ni kubana mafuta, anasema. Kwa gari la klachi, ni hatari ya breki tu. Kwa automatiki ni kuua, kwa sababu injini ikizimwa hakuna kinachosukuma mafuta ndani ya giaboksi, vyuma vinasagana vikavu. Fundi wa Kigoma alinieleza hilo mara mbili, nami nikamweleza Yaya mara tatu. Alinijibu kwamba alianza kuendesha magari nikiwa bado mgongoni kwa Mama.

Milima ya njia ya Nyunzu ni mingi, na Yaya hakuacha hata mmoja. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na pikapu yangu ilirejea ikiwa imefungwa kamba nyuma ya lori la mihogo, yeye amekaa kwenye usukani na kofia yake, anapungia watu mkono kama anayetoka kuoa. Akashuka, akapiga boneti kofi, akasema, "Miye nilisemaka. Automatike haina nguvu."

Nilifungua mlango, nikanusa harufu ya kuungua, nikaenda kukaa jikoni. Mama alinifuata, akaniambia nimwachie Yaya mambo ya vyuma, wanaume wanavijua. Mama yangu nampenda, lakini siku ile niliomba aondoke jikoni.

Fundi tuliyempelekea ana uwanja wake nyuma ya stesheni. Ni mtu mpole, mikono yake haijui kukaa bure, na ana desturi moja mbaya: hawezi kusema "sijui" mbele ya watu. Alilala chini ya gari muda mrefu akiipapasa giaboksi, akatoka, akasema, "Mama, bwate ya namna hii hapa Kalemie hakuna muntu anaijua. Njo imekufa. Tutie ya mukono."

"Na muguu yangu?" nikamwuliza.

Fundi akatazama chini. Yaya ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi: "Weye usihangaike. Miye nitakuwa shofa, miye nitaendesha. Weye utakaa pembeni sawa madame."

Wale waliokuwa wamesimama pale wakacheka kwa kuridhika. Niliitazama miguu yao yote, mizima, imesimama bila kazi saa nne ya asubuhi, na kwa kweli niliwadharau. Lakini gari lililokufa halibebi gunia. Nilisema sawa.

Kazi ilichukua siku nyingi kuliko alizosema fundi, maana ilifanywa na yeye mmoja na kutolewa maoni na wanaume wasiopungua kumi. Giaboksi mpya, yaani kuukuu nyingine, ilitoka kwenye pikapu ya aina ile ile iliyogongwa zamani, ambayo kuku walikuwa wakitagia ndani. Waliishusha ya zamani kwa kamba na gogo. Walipoipandisha nyingine ikaonekana shafti ya kwenda nyuma haifiki, ikakatwa na kuungwa. Sakafu ikatobolewa kwa patasi ili wenzo wa gia upite, na tundu lilipokuwa kubwa mno wakaliziba kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Kila hatua ilikuwa na mjadala. Mmoja aliyewahi kuuza spea za baiskeli alieleza habari za klachi kwa saa nzima, na wote wakamsikiliza.

Mwisho wakafunga pedali ya tatu, ya klachi, ambayo hapa kwetu huitwa ambreyaji. Niliisogelea nikaitazama. Ilikuwa kitu kidogo tu, chuma kilichopinda na mpira uliolika pembe moja, na kilitosha kuniondoa kwenye kiti changu.

Ikabaki shida moja: ufunguo ukizungushwa, kimya. Automatiki ina nyaya mbili zinazozuia injini kuwaka kama gia imeingia, na giaboksi ilipotoka nyaya zile zilibaki zinaning'inia. Fundi alizitafuta, akazimenya, akazisokota pamoja, akazifunga plastiki. "Zilikuwa zinakataza," akasema. "Sasa haitakataza kitu."

Yaya hakungoja. Alipanda mbele ya umati wake, akazungusha ufunguo bila kukanyaga klachi na bila kuangalia kwamba fundi alikuwa ameacha gia ya kwanza. Pikapu iliruka mbele kama mbuzi aliyepigwa fimbo, injini ikawaka hapo hapo, ikaendelea kwenda, ikapita juu ya beseni la mama muuza maandazi kabla Yaya hajakumbuka kwamba breki ipo. Maandazi yaliviringika vumbini. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, naye akashuka akimlaumu fundi, akamlaumu mama wa maandazi, akalilaumu hata beseni.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kitu ambacho wote wale, pamoja na mtaalamu wa baiskeli, hawakukiona: gari lilikuwa limeondoka bila mguu wowote kugusa pedali ya tatu.

Nilikaa nalo moyoni. Kwa wiki kadhaa nilikuwa madame. Nilikaa pembeni, fimbo katikati ya magoti, nikimtazama Yaya akiendesha gari langu kwenda kwenye mambo yake. Ukimwambia twende ufukoni kuchukua ndagala, kwanza apitie kwa rafiki. Siku moja magunia yangu yalinyeshewa mvua mchangani, mimi nimekaa juu yake kama kuku anayeatamia, huku yeye amewabeba wachezaji na washangiliaji wao kwenda uwanjani. Ndagala wakaoza. Alipokuja jioni alisema mvua ni ya Mungu. Nilimchukia siku ile. Ni ndugu yangu, tulilala mkeka mmoja, na nilimchukia.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Yaya alipanda pikipiki ya watu kwenda kunywa, akaacha ufunguo mezani. Nikauchukua. Pikapu ilikuwa imeegeshwa uani ikitazama lango, na nje ya lango kuna uwanja wa majani hadi kwenye reli. Nilikaa kwenye kiti changu. Mguu wa kushoto niliuweka kando, ukae kama unavyokaa siku zote. Nikaingiza gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, nikamwomba Bikira Maria anisamehe mapema, nikazungusha ufunguo.

Iliruka. Iliwaka. Ikaenda.

Gia ya pili ilinichukua Jumapili tatu. Unaachia mafuta, unautoa wenzo, unasubiri, na kuna wakati mmoja mfupi ambapo sauti ya injini inashuka na kulingana na mwendo wa magurudumu. Hapo ukiusukuma wenzo kwa upole unaingia wenyewe. Ukiwahi au ukichelewa, vyuma vinalia mpaka mbwa wanajibu. Nililiza vyuma vingi. Lakini mtu aliyetembea kwa fimbo maisha yake yote amezoea kupima kila hatua kabla ya kuikanyaga, na sikio langu lilijifunza. Kusimama ni rahisi: unatoa gia, unakanyaga breki. Kuondoka tena, unazima, unaingiza ya kwanza, unazungusha ufunguo, unaruka. Kwa ajili hiyo nilinunua betri mpya, kitu ambacho mjini hapa kinahesabiwa ni anasa.

Jumatatu niliyokwenda ufukoni peke yangu, watu walipiga mayowe. "Muangalie, gari inaruka sawa mbuzi!" Vijana wa pikipiki walinifuata wakiigiza. Nilipakia magunia yangu, nikaruka, nikaenda zangu. Ndagala walifika sokoni wakiwa wakavu.

Yaya alipata habari kabla sijafika nyumbani. Alikuja uani ananyoosha kidole. "Utavunja bwate!" akapiga kelele. "Gari ya ambreyaji haiendeshwe na muguu moja!"

"Ile ya kwanza," nikamwambia, "iliuliwa na muntu wa miguu mbili."

Mama, aliyekuwa anapepeta unga, aliinama juu ya ungo. Sijui kama alicheka. Yaya alichukua ufunguo mkononi mwangu akautia mfukoni, akasema kuanzia kesho asubuhi gari haitoki bila yeye. Nilimwachia. Ufunguo wa pili nilikuwa nao tangu Kigoma, kwenye mkoba wangu, pamoja na rozari.

Jioni ile ile, Yaya ameshakwenda kunywa na jua bado lipo, nilimpelekea fundi gari. Nilimwambia aikate pedali ya tatu. Alikuna kichwa kwa bisibisi. "Mama, gari bila ambreyaji, nani ataiendesha?" Nikamwambia apande. Nilimzungusha stesheni, nikapanda naye kilima cha nyumba za zamani za wakubwa wa reli, nikashuka nikiwa ndani ya gia, injini inanguruma, si libre. Tuliporudi alishuka, akainama kuitazama pedali. Kisha akasema neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake: "Hii, miye sikuijua." Akachukua msumeno wa chuma. Hakukuwa na mtu wa kutoa maoni. Wote walikuwa wamekwenda kula.

Asubuhi Yaya alitoka na kofia yake na shati safi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Mama, nimeegemea fimbo. Alipanda, akafunga mlango, akarekebisha kioo aone nani anamtazama. Akaweka mkono kwenye wenzo. Mguu wake wa kushoto ukanyanyuka, ukakanyaga hewa, ukagonga sakafu. Ukanyanyuka tena, ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto. Akainama kutazama. Kilichobaki pale ni kisiki cha chuma kinachong'aa mahali kilipokatwa. Akainua uso, akaniona, na mguu wake ulikuwa bado unatafuta.

Nilivuka ua polepole, kwa mwendo wangu, sikujihimiza. Nilifika, nikafungua mlango upande wa usukani.

"Yaya," nikamwambia, "sogea. Kaa pembeni sawa madame."

Akasogea.