Fungua Simu, Mama

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la ofisi moja hapa Ngara, mpakani na Burundi, nikisubiri fomu ya kitambulisho. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mkulima. Afisa, mgeni aliyehamishiwa kwetu karibuni, aliielekeza kalamu kwenye simu ya yule mama.

"Fungua, tuone unaongea na nani."

Mama akabonyeza kidole gumba mara tatu. Jembe lilikuwa limeshafuta alama zake, simu ikakataa.

"Hata simu yako haikujui, mama. Mimi nikujueje?"

Benchi zima tukacheka, nami nikiwemo.

Mama akaingiza namba za siri. Afisa akafungulia ujumbe wa sauti, tukasikia wote: dada yake wa kijijini Keza anaulizia mbegu za maharage.

"Hicho ni Kirundi."

"Ni Kihangaza, baba, lugha yetu ya hapa Ngara."

"Tofauti yake nini?"

Tofauti ni ndogo, na anayeisikia ni aliyezaliwa nayo. Fomu ya mama ikawekwa pembeni mpaka uraia wake uchunguzwe.

Redioni wasomi wanabishana kama serikali ipewe ufunguo wa simu zetu. Mmoja alisema asiye na kosa hana cha kuficha. Mimi kosa sina. Lakini kabla sijaitwa, nilifuta kwenye simu yangu sauti zote za shangazi, maana ni Kihangaza kitupu.

Fomu yangu ilipita. Shangazi tulimzika mwaka jana, na sauti yake nyingine sina.