Kibuyu cha Mussa na Maji ya Kutu

Bibi yangu Tabu alivijua vijito vya Songea kwa ulimi. Mfumbe macho, mpe kata ya maji, atakwambia: haya yametoka chini ya mwamba, ndiyo maana mchana ni baridi na alfajiri yana uvuguvugu, haya yamebeba chokaa, maharage hayataiva hata uchome msitu mzima. Mimi shule sikuiona, ila hilo la maharage nimelila mwenyewe.

Alichokipenda ni kijito cha kutu, kile kilichopita jirani na boma la Wajerumani. Maji yake yana utando unaong'aa kama mafuta, lakini ukiugusa kwa kijiti unavunjika vipande. Yachanganye na maji mekundu ya magome ya myombo yaliyochemshwa, yanageuka meusi kama masizi. Ndivyo alivyotia rangi ukindu wa mikeka yake, na nyumbani hakikukosekana kibuyu cha maji hayo.

Basi mwaka wa vita vya Maji Maji askari wakakuta kibuyu chini ya kitanda cha mumewe, Mussa. Wakamfunga kamba. Shaushi, mkubwa wao, akasema huyu ana dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, kesho ananyongwa.

Tabu alibeba chungu cha maji ya magome mpaka bomani, mbele ya Mjerumani mkuu wa boma.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Kibuyu hicho changu, natilia rangi mikeka. Tazama."

Akamimina maji ya kibuyu kwenye kata, akaongeza ya magome. Maji yakawa meusi tii. Askari wote wakarudi nyuma, mmoja bunduki ikamtoka mkononi.

"Umeona, Bwana?" shaushi akasema. "Ndiyo dawa yenyewe. Na huyu mama afungwe."

Tabu amekuja kuokoa shingo moja, sasa zimekuwa mbili. Hapo akakiona kikombe cha Bwana Mkubwa mezani. Chai nyeusi, weusi ule ule. Kumbe kila asubuhi Bwana alikuwa akimtukana mpishi wake bure.

"Shaushi, mwanangu, maji ya Bwana mnachota wapi?"

"Mbali, kule kwenye mwamba, kama tulivyoamriwa."

"Haya, nipe mtungi wenu."

Akamimina magome mle. Mtungi mzima ukawa mweusi: hawakufika mwambani, walichota kijito cha kutu cha jirani. Bwana Mkubwa akautazama mtungi, akaitazama chai, akawa mweupe kuliko siku aliyozaliwa.

"Kama ni dawa," Tabu akasema polepole, "Bwana ameinywa kuliko Wangoni wote."

Shaushi alichapwa viboko mpaka kijito chenyewe kikasimama kusikiliza. Mussa akafunguliwa.

Walipofika nyumbani Mussa akanyoosha kidole nyuma ya jiwe la kusagia. Kibuyu cha rangi cha Tabu kilikuwa pale pale, kimejaa, kizibo juu.

Tabu akaketi chini kama mzigo uliokatika kamba.

"Na kile cha bomani?"

"Kile nilipewa na mganga. Aliniapia maji yake yametoka Rufiji. Kesho kutwa naingia vitani nayo mwilini."

"Mussa, hayo yaliyogeuka meusi yamechotwa kijito cha kutu hapo chini, ninapooshea ukindu."

Mussa akanyakua chungu cha magome, akatoka mbio kuwatafuta wenzake kumi na wawili waliopakwa dawa pamoja naye, awaonyeshe kuwa ni maji ya kutu tu.

Aliwakuta wawili; kumi hawakuingoja kesho kutwa, walikwisha kwenda kuzikabili bunduki.