Siku Sita za Maji Bamvua

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kwa sababu niliaibika mbele ya watu wangu wa kisiwa cha Fundo, na aibu ile ilinifaa.

Jumuiya moja ya kijeshi ya nchi za ng'ambo ilitaka kufanya mazoezi na wanamaji wetu. Nchi yetu haikuwa mwanachama. Ilikuwa mshirika wa karibu tu. Ofisa wao akaja kutuomba tuuache mwamba wetu siku sita. Mimi, kijana niliyejifundisha Kiingereza kwa kamusi na redio, nikatafsiri. Kisha nikaongeza langu: "Tuwapishe. Hawa wenzetu. Siku tukivamiwa, watakuja kutupigania."

Siku zile zilikuwa za maji bamvua, bahari inapokupwa mbali na wanawake hufika mwambani kwa miguu kutafuta pweza. Nyumba nyingi zilikula kwa siku hizo.

Bi Time, mzee wa watafuta pweza, akasimama.

"Hayo ya kutupigania kasema yeye au umesema weye?"

"Nimesema mie, Bi Time."

"Basi nambie yameandikwa wapi. Si ndiwe msomi wetu?"

Watu wakacheka. Nikamwomba ofisa makubaliano, nikayasoma yote pale pale. Mafunzo, yamo. Kupeana habari za bahari, zimo. Kualikwa vikaoni, tumo, ila bila kura. Kutulinda tukivamiwa, hamna. Ahadi hiyo wamewekeana wanachama peke yao. Nikawaambia watu hivyo hivyo.

"Mwambie sie hatutoki," akasema Bi Time. "Aje maji mafu, siku ambazo hatuendi mwambani."

Ofisa akajibu kwamba lazima awaulize wakubwa wake, nao waziulize nchi zote wanachama.

"Na waulizane. Sie maji yanatukupwia."

Akachukua tenga lake akatoka, na wanawake wote nyuma yake.

Meli zilikuja maji mafu.

Mwanangu, leo unaalikwa wewe kwenye meza za jumuiya kama ile. Nenda, jifunze kila wanachokijua. Lakini uliza nani anapiga kura, nani kaahidi nini, na pameandikwa wapi. Usibebe mzigo wa mwanachama kwa heshima ya mgeni. Usiwaahidi watu wako jeshi la mwenzio. Na ukiambiwa uondoke mwambani kwako bila sababu ya kukutosha, kaa.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kusema hapana na kifua cha kuisimamia. Bahari ikikupwa, ikukute mwambani kwako.