Mwalimu Kasyoka na Nchi Iliyofutika

Kasyoka alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa darasa la saba kule Kanyangi, alipoanza kusoma digrii kwa njia ya posta. Vijitabu vya chuo kikuu vilimfikia ndani ya bahasha za kaki, naye akavisoma asubuhi kabla ya kengele, na Jumapili baada ya ibada. Kimoja kilikuwa cha uhusiano wa kimataifa. Alikichagua kwa sababu wenzake walisema ni chepesi kuliko uchumi.

Walimdanganya. Ukurasa wa tatu pekee ulimkwamisha siku mbili. Uliuliza: nchi ni nini? Watu, ardhi, serikali, hayo aliyajua. Kijitabu kikaongeza la nne: nchi nyingine zikubali kwamba wewe ni nchi. Kasyoka alikifunga, akakaa. Miaka kumi na minane alikuwa akiwafundisha watoto mipaka kana kwamba Mungu aliichora siku aliyoumba milima. Kumbe watu waliketi wakakubaliana!

Agosti 1991, shule zilipofungwa, alienda chuoni, mjini Kikuyu, kwa wiki tatu za masomo ya darasani. Mhadhiri wao, Daktari Wahome, alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti. Siku ya sura ya sita, ile ya mataifa mawili makubwa yanayoshindania dunia, aliingia na gazeti mkononi. Vifaru vya jeshi vilikuwa vimeingia Moscow, mji mkuu wa mojawapo ya mataifa hayo.

"Walimu," alisema, "sura hii nimeifundisha miaka minane. Leo sijui niwaambie nini."

Kasyoka hakuwa amewahi kumsikia msomi wa kiwango kile akikiri kwamba hajui.

"Sasa tuisome ama tuiache?" akauliza Jonah, mwalimu kutoka Mbumbuni.

"Someni. Lakini noti zenu andikeni kwa penseli."

Watu walicheka. Kasyoka hakucheka. Alitafuta penseli.

Desemba mvua ilikuwa nzuri. Siku iliyofuata Krismasi, yeye na mumewe Mutie walikuwa shambani wakipalilia kunde, redio ikining'inia kwenye tawi. Taarifa ya habari ikasema rais wa Muungano wa Kisovieti amejiuzulu, na bendera yake imeshushwa. Kasyoka aliachia jembe.

"Imekwisha," alisema.

"Nini imekwisha, Mama Nzuki?"

"Ile nchi. Ile kubwa kuliko zote kwenye ramani. Haipo tena."

Mutie alinyoosha mgongo. "Nani ameipiga?"

"Hakuna. Wametia sahihi karatasi."

"Aiya! Na zile bomu zao zote?"

"Hata bomu hazikuisaidia."

Mutie aliangalia shamba, akaangalia mlima ng'ambo ya mto, kama mtu anayehakikisha vitu viko mahali pake. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na Kenya je?"

Kasyoka alitaka kumjibu kimwalimu, lakini alichokiona ni Kitui mjini, siku ya uhuru, mwaka wa sitini na tatu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, amepangwa mstari na wanafunzi wenzake, wanaimba wimbo mpya ambao hawakuyajua maneno yake yote. Viatu vya kuazima vilimbana mpaka akatamani sherehe iishe. Baba yake, mzee Ndeti, alikuwa amevua kofia na analia mbele za watu, na yeye Kasyoka akaona aibu.

"Baba Nzuki," alisema polepole, "mimi niliona nchi ikizaliwa. Nilikuwa hapo, na nilikuwa nafikiria viatu."

Akaokota jembe, wakaendelea kupalilia.

Mtihani ulikuja Aprili. Swali la pili liliuliza jinsi dola inavyopata kuwapo. Kasyoka alianza na wanafunzi wa Kitui na machozi ya mzee mmoja, ndipo akaingia kwenye mikataba na Umoja wa Mataifa. Aliandika mpaka vidole vikafa ganzi.

Alipita. Mwaka wa tisini na nne alihitimu, akapelekwa kufundisha historia katika sekondari moja upande wa Mutomo. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Alisimama mbele ya kidato cha kwanza, akawatazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani aliwaambia hapa ni Kenya?" Kisha akangoja.