Kuppammal, Aliyeipeleka Sari kwa Mikono Yake

Kuppammal alizaliwa mwaka 1884 huko Tirunelvayal, wilaya ya Kanchipuram, katika nyumba ambamo kitanda cha mfumi, mtambo wa kufumia nguo, kilichukua nafasi kubwa kuliko watu sita waliolala humo. Tangu utotoni alimpenda Amman, mungu Mama wa hekalu la pale, kama mzazi anayekaa nyumba ya pili: alimsalimia, akamtania, akamnung'unikia. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya gari takatifu linalobeba sanamu yake, yeye na kaka yake Munirathinam walimfumia Amman sari mpya ya hariri, mmoja akipitisha uzi wa mwili wa nguo, mwingine wa pindo, hadi viwili hivyo vishikane visiachane. Kisha tajiri Sabhapati, aliyewagawia wafumaji hariri, aliichukua, akaingia nayo hekaluni kwa ngoma kana kwamba ni yake, na wafumaji wakabaki nje ya lango. Naam, nje! Mikono iliyomvisha Mama iliambiwa ni michafu.

Mwaka 1913 wito ukamjia. Alimaliza sari, akakataa kuikata kutoka kitanda cha kufumia.

"Aliyeifuma ndiye atakayeingia nayo," alisema.

Sabhapati akacheka. "Wee mwanamke, kwa hiyo Amman atoke uchi kwa ajili yako?"

"Ana ya mwaka jana, Bwana mkubwa. Nayo niliifuma mimi."

Siku ya sikukuu Amman akatoka na sari kuukuu, na gari lake likavutwa kwa kamba na wafumaji, kama desturi. Mbele ya mlango wa Kuppammal likasimama. Makuhani wakapasua nazi za sadaka, wakaleta tembo asukume, wapi! Wacha Mungu husema Mama mwenyewe aligoma. Wazee wetu wanakumbuka pia wavutaji mia mbili wakiketi chini na kula idli, mikate yao ya mchele. Yote mawili ni kweli.

Kuhani mkuu, jua likimchoma utosi, akaita: "Binti, unataka nini?"

"Lango, Baba."

"Basi pita, kabla hatujakauka hapa!"

Kuppammal akaikata sari kutoka kitandani, akaiweka kichwani.

"Dada, miguu inanitetemeka," Munirathinam alinong'ona.

"Itetemeke ikitembea."

Wakatangulia, na gari likawafuata jepesi kama kikapu kitupu, mpaka ndani.

Sabhapati alimnyima hariri miaka miwili. Kuppammal akafuma pamba akiimba. Alifariki mwaka 1941, na wajawazito bado hugusa kitanda chake cha kufumia wajifungue salama. Anayetaka kumfuata asiishie kugusa mbao. Jiwe la maandishi la langoni lingali linamtaja Sabhapati kuwa mtoa sari. Sisi wafumaji hatukulifuta jina lake. Kila mwaka tunalipita jiwe hilo tukiingia, nguo ikiwa mikononi mwetu.