Tasnifu yangu ilivyoingia kwenye robota la msaada wa tetemeko

Du, du, du. Kimya. Kisha du, du, du tena, na glasi za kabatini zikaanza kugongana.

Wakuu, nawasalimu nyote kwa heshima. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwa shangazi yangu Kibokoni, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Sikuongeza chumvi, yalikuwa na chumvi ya kutosha.

Wiki hiyo tetemeko lilikuwa limeangusha vijiji vizima vya milimani Afghanistan, na redio haikuwa na habari nyingine.

Mimi nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu misaada ya maafa. Kwa hiyo nilikuwa nimesoma habari za matetemeko kupita kiasi kinachofaa afya ya mtu.

Niliposikia kishindo kile nilifuata maelekezo ya vitabu: nikasimama katikati ya fremu ya mlango, mikono kichwani, nikamwita shangazi atoke nje haraka.

Shangazi alipanda ngazi taratibu, akanitazama.

"Hilo si tetemeko," akasema. "Ni Mutua."

Bwana Mutua alikuwa jirani yetu, mtu wa Ukambani, karani wa ghala moja upande wa Liwatoni. Alijitolea kufunga nguo walizochanga kina mama wa mtaa. Alikuwa ukumbini chini, akizishindilia guniani kwa miguu yote miwili na kushona marobota ya kupakiwa melini.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Anayetoa afunge kwenye leso alichonacho, akiweke chini ya ngazi. Hakuna kuuliza maswali, maana sadaka haihojiwi.

Sasa, wakuu, usiku uliotangulia mimi nami nilikuwa nimeifunga tasnifu yangu kwenye leso, isipate vumbi la safari, nikaiweka chini ya ngazi tayari kwa basi la Nairobi liondokalo kituo cha Mwembe Tayari.

Nakala ilikuwa hiyo moja tu, ya mkono. Msimamizi wangu Nairobi aliitaka Jumatatu, na alikwisha kuniandikia kwamba hataongeza hata siku moja.

Nilipoikumbuka, marobota kumi na moja yalikuwa yameshaondoka kwa mkokoteni, pamoja na Bwana Mutua, kwenda ghalani kwake.

Nilipaswa kupiga simu ghalani papo hapo. Badala yake nikafikiri.

Je, kukidai kitu ambacho kina mama wamekwisha kukiombea dua ni kunyang'anya sadaka? Sadaka isiyo na nia ni sadaka? Na ikiwa yatafunguliwa, lianze robota lipi? Nikachora jedwali. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaadhiniwa, na jedwali likatoka zuri sana.

Kikwazo kingine: simu ya nyumbani ilikuwa na kufuli kwenye duara la nambari, na ufunguo ulikaa kifuani mwa shangazi.

"Wataka kumpigia nani?" akauliza.

Nikamweleza yote. Akajipepea.

"Miaka yote hiyo chuoni, mwanangu, na hukujua kilicho chini ya ngazi ni cha nani?"

Akautoa ufunguo.

Somo nalitanguliza, maana mwisho wa kisa hiki ni simu yenyewe. Aibu ya kusema ilikuwa ya dakika mbili, nami niliikimbia mchana kutwa. Aliyewahi kupotelewa na kitu ndani ya wema wa wenzake atueleze hapa chini, nami nitasoma kila neno.

Bwana Mutua alipokea. Nikamweleza kwa mpangilio: chanzo, hali ilivyo, ombi. Akanisubiri nimalize.

"Dada, ninayo hapa mezani. Robota moja lilipasuka tukishusha, ikaanguka. Nimeisoma nikila."

Sikuwahi kuwa na msomaji kabla yake. Nikamuuliza ameionaje.

"Pale unaposema watu wapelekewe wanachohitaji, si tulichochoka nacho, niliona haya. Nimeyafungua marobota yote. Shela tatu nimeziondoa, na viatu vya harusi vya shangazi yako, vya kisigino kirefu. Huko ni milimani, dada. Lakini blanketi lake, lile alilokuwa akijifunika mwenyewe, nimelifunga upya kwa mkono wangu. Viatu mwambie wewe."

Nikageuka. Shangazi alikuwa nyuma yangu, kiganja wazi, akingoja ufunguo wake.

"Asemaje?"

"Asema blanketi lako amelifunga kwa mkono wake mwenyewe."

Macho yake yakalainika kidogo.

"Na viatu?"

Nikampa mkono wa simu.