Ua wa Nyuma Usiofikiwa na Jua

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya hamsini, nyumba yetu katika mji wa Baraka ilipata jua upande wa mbele tu. Ilikuwa ya mwisho katika safu ya nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, nyumba za makarani na mafundi. Kila moja ilikuwa na ua mdogo nyuma, lakini nyuma ya wa kwetu ulisimama ukuta mrefu wa ghala ya pamba, na paa lake la mabati lilitokeza juu yetu. Mchana kutwa palikuwa kama saa za magharibi.

Baba yangu, Mlondani Paulo, alikuwa karani. Mama aliitwa Asende. Majirani walimwita Madamu Paulo, jina ambalo hakulizoea. Kijijini kwao Lubondja alikuwa amelima tangu utotoni, lakini baba alimkataza jembe: mke wa karani, alisema, halimi. Basi mama akautumia ule ua. Aliweka mitungi pale, na maji yetu yakawa baridi kuliko ya safu nzima. Aliloweka mihogo, akarundika maganda pembeni hadi uyoga ukaota. Kazi ikiisha, alibaki huko huko kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Nikitoka shuleni niliweza kumwita mara mbili, tatu, kabla hajaitika.

Nyanya, yaani mama yake, alikuja kututembelea kutoka Lubondja. Alisimama mlangoni pa ua, asiingie.

"Asende, kivuli chako kiko wapi?"

"Mama, huku hakuna jua."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mutu akikaa sana fasi yenye haina jua, kivuli kinachoka kumungoja. Kinarudi kwabo. Nyuma ya pale, yeye mwenyewe anakifuata."

Baba, ambaye kwa heshima hakumtazama mkwewe usoni, alingoja aondoke ndipo acheke. "Mambo ya bashenzi," alisema. Mama hakucheka. Mimi niliamini kila neno. Nilikuwa mtoto wao wa pekee. Mama akikifuata kivuli chake, ningebaki na nani katika nyumba ile?

Nikachukua kioo cha baba cha kunyolea. Ubavuni mwa nyumba palikuwa na kichochoro kilichopata jua kidogo alasiri. Nilisimama hapo, nikalikamata jua kiooni, nikalitupa uani.

"We Wilondja! Unaniunguza macho!"

"Usitoke, mama! Kivuli kimerudi! Angalia kwa ukuta!"

Aligeuka. Kilikuwa pale, kikubwa kumpita. Aliinua mkono, nacho kikainua. Hapo akacheka, na sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka Baraka kabla ya siku ile. Akachukua ufagio wenye mpini mrefu, akainama, akaushusha kama jembe. Ukutani, kivuli kikalima.

"Ona, mutoto yangu," alisema. "Hakijasahau kazi."

Akaendelea kulima. Mikono yangu ilichoka, mwanga ukaanza kutetemeka, naye bado analima, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

Jumapili iliyofuata alimwambia baba kwamba anakwenda Lubondja kusaidia kupanda mihogo, kisha atarudi. Alichukua kitenge kimoja tu, ndiyo sababu tulimwamini.

Hakurudi tena katika nyumba ile. Baba alimfuata, akarudi peke yake. Mimi nilibakizwa Baraka kwa ajili ya shule.

Nimejiuliza mara nyingi kama nyanya alitabiri, au aliona tu. Naelekea kusema aliona. Alimkuta binti yake amekwisha kuondoka, mwili tu umebaki kwenye kigoda, na mambo kama hayo mama mkwe hamwambii mkwe wake waziwazi. Kivuli aliweza kukitaja bila kumvunjia mtu heshima. Ubaya ni kwamba baba alisikia ushenzi, mimi nikasikia dawa. Nilitaka kumzuia mama kwa kile kioo, kumbe nilimwonyesha mahali alipotamani kuwa.

Wakati wa likizo nilimkuta shambani na dada zake, amekolea jua, akitaniana nao kwa sauti ambayo sikuijua. Alinikumbatia, akanichomea mihogo, lakini habari za Baraka hakuniuliza. Niliona wazi kwamba amepona. Mtoto anaweza kuliona jambo kama hilo, akalifurahia, na bado usiku akalia chini ya blanketi.